Mcheza kwao hutuzwa na nani? Ngoma za Faustin Linyekula na umaskini wa uhakiki wetu

METHALI yetu inasema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Tumeirudia darasani, harusini na katika kampeni za siasa hadi tumeacha kuiuliza maswali. Hutuzwa na nani? Kwa tuzo gani? Na je, mtu akicheza kwao halafu tuzo ikatoka ugenini, methali imetimia au imevunjika? Wiki hii nataka kuyauliza maswali hayo nikimtazama msanii mmoja ambaye mji wake unazungumza Kiswahili na Kilingala, aliyewahi kuishi na kufanya kazi Nairobi, na ambaye hata hivyo nadhani wasomaji wengi wa safu hii hawajawahi kusoma lolote juu yake kwa Kiswahili. Anaitwa Faustin Linyekula, mtunzi wa ngoma kutoka Kisangani, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Nimesema "mtunzi wa ngoma" makusudi. Mtu wa aina hii magazeti yetu humwita mwelekezi wa densi, mkufunzi wa densi au, siku hizi, mwanakoreografia. Hebu tuyapime maneno hayo. Mwelekezi huelekeza kitu ambacho tayari kipo. Mkufunzi hufunza wengine kilichokwisha kuundwa. Na mwanakoreografia ni neno ambalo msemaji hulazimika kumeza mate kabla ya kulitamka. Shairi lina mtunzi, riwaya ina mtunzi, hata wimbo wa injili una mtunzi. Mtu anayeamua mguu uinuke lini, nani asimame pembeni, na kimya kidumu kwa muda gani kabla ya ngoma kulia tena, huyo naye anatunga. Kumnyima jina hilo ni kusema kwamba ngoma hujitunga yenyewe.

Tatizo linaanzia kwenye kitenzi. Kiswahili husema "kucheza" kwa mpira, kwa karata na kwa ngoma. Majirani zetu wengi wa Kibantu hawachanganyi hivyo. Kwa Kilingala kucheza ngoma ni *kobina*. Kwa Ekegusii mzizi ni huohuo, *-bina*, na ndiko inakotoka *ribina*, ngoma ya akina mama wa huku kwetu. Waganda nao wana *okuzina*, ndugu wa ukoo mmoja. Yaani Kisangani na Nyansiongo, miji iliyotenganishwa na Ziwa Viktoria na misitu isiyohesabika, ina kitenzi kimoja cha kazi hii, nasi wa Kiswahili tunaoiunganisha miji hiyo tumeiita mchezo. Si ajabu mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anataka kusomea ngoma huuliza ataacha lini kucheza aanze kazi.

Lipo pia neno "bale". Ukilitaja darasani, wanafunzi huona msichana mwembamba aliyesimama kwenye ncha za vidole vya miguu, au zile picha za watoto wa Kibera waliovaa sketi nyeupe. "Prof, si hayo ni mambo ya Wazungu?" aliniuliza mmoja. Nilimjibu kwamba inategemea anasoma historia ipi. Katika Afrika iliyotawaliwa na Wafaransa na Wabelgiji, neno hilo lilichukua njia yake. Keita Fodéba wa Guinea alianzisha Les Ballets Africains jijini Paris, na baada ya uhuru wa 1958 kundi hilo likawa la taifa. Walichocheza ni ngoma za Afrika Magharibi zilizopangwa upya kwa ajili ya jukwaa. Tangu hapo, nchi kadhaa zikawa na "bale ya taifa" ambayo sisi wa Kenya tungeitambua mara moja, kwa sababu inafanana na tunachokiona Bomas: ngoma ya kijiji iliyopunguzwa, ikanyooshwa, ikapewa mwanzo na mwisho, mgeni akaipigia makofi. Linyekula alikulia chini ya kivuli cha bale ya namna hiyo. Kazi zake mbili ninazoziona kuwa nzito zaidi zinahojiana nayo.

Tuanze na safari yake, kwa ufupi. Alizaliwa 1974 Ubundu, mji ulio kwenye Mto Kongo kusini mwa Kisangani, mwisho wa ile reli ya kilomita 125 iliyojengwa kuzikwepa poromoko za maji. Kisangani ndiko alikosomea fasihi na tamthilia. Mobutu alipovifunga vyuo vikuu, kijana huyo alijikuta hana darasa, na mwaka wa 1993 akaja Nairobi. Hapo alikutana na Mkenya Opiyo Okach, na mwaka wa 1997 wawili hao pamoja na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, kundi linalotajwa kuwa la kwanza la densi ya kisasa nchini Kenya. Kazi yao *Cleansing* ilipata tuzo katika mashindano ya watunzi wa ngoma wa Afrika yaliyofanyika Luanda 1998. Kwa hiyo sehemu ya historia hii ni yetu, ila sijaona kitabu cha shule kinachoitaja.

Mwaka wa 2001 alirudi kwao. Tuutafakari mwaka huo. Vita vilikuwa bado vinaendelea Kongo, na mwaka mmoja kabla, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yamepigana kwa siku sita ndani ya Kisangani, mji usio wa yeyote kati yao. Msanii mwenye akili za kawaida angetafuta njia ya kutoka. Yeye alianzisha Studios Kabako jijini Kinshasa, na mwaka wa 2006 akaihamishia Kisangani. Jina Kabako ni la rafiki yake aliyeuawa na tauni. Nawaomba mtulie kwenye neno hilo: tauni, ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kutoka vitabu vya dini na historia ya Ulaya, ulimuua kijana msomi wa Kongo mwishoni mwa karne ya 20. Kila bango la kundi hilo, popote ulimwenguni, linatangaza jina la mtu ambaye nchi yake haikuweza kumpatia dawa.

Kifo hicho ndicho kiini cha *Dinozord*, kazi ya 2006 iliyoonyeshwa kwanza Vienna. Linyekula aliitengeneza kama matanga. Ndani yake mna muziki wa Mozart wa kuwaombea wafu, sauti ya Serge Kakudji, kijana Mkongo aimbaye kwa sauti ya juu isiyo ya kawaida kwa mwanamume, na maneno ya Antoine Vumilia Muhindo, rafiki aliyekuwa amefungwa katika gereza la Makala. Msomaji anaweza kudhani kwamba Mozart ameletwa ili Wazungu wafurahi. Mimi naona kinyume. Marehemu hakupata maziko yenye heshima, basi rafiki zake wanamwazikia kwa chochote kilichoko mkononi, na Mozart naye amekuwa mkononi mwa Wakongo tangu wamisheni walipoleta vinanda na kwaya. Matanga hayana mipaka ya muziki. Hata huku kwetu, msibani utasikia *obokano*, kwaya ya kanisa na spika ya kukodi, na hakuna anayeuliza ni upi ulio wa asili.

*More more more… future* ya 2009 itawagusa Wakenya wengi zaidi, maana imejengwa juu ya ndombolo. Mpiga gitaa ni Flamme Kapaya, aliyevuma akiwa na Werrason. Sisi tuliocheza ndombolo katika miaka ya 1990 tulidhani ni furaha tupu, viuno na majina ya matajiri yanayotajwa katikati ya wimbo. Linyekula aliyaondoa majina ya matajiri, akaweka maneno ya mfungwa Vumilia. Gitaa likabaki lilelile tamu, lakini linalosemwa juu yake ni kwamba kizazi kizima kimeahidiwa kesho isiyofika. Huo ndio utunzi: kuchukua umbo ambalo hadhira inalijua mwilini, kisha kubadilisha mzigo linaoubeba. Shaaban Robert aliufanya kwa ngano, Abdilatif Abdalla kwa tarbia. Hatukusita kuwaita watunzi.

Sasa niingie katika bale yenyewe. Oktoba 1923, jijini Paris, kundi la Ballets Suédois lilionyesha *La Création du monde*, yaani kuumbwa kwa dunia kama Waafrika walivyodhaniwa kuisimulia. Mtunzi wa ngoma alikuwa Jean Börlin, muziki ulikuwa wa Darius Milhaud, mapambo ya Fernand Léger, na kisa kiliandikwa na Blaise Cendrars, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amechapisha mkusanyiko wa hadithi za Kiafrika. Miungu ya Kiafrika, wanyama wa Kiafrika, vinyago vya Kiafrika, na jukwaani hapana Mwafrika hata mmoja. Mwaka wa 2012 kundi la Ballet de Lorraine, lenye makao Nancy, lilimpa Linyekula kazi ya kuitazama upya. Angeweza kuikejeli. Badala yake aliiacha bale ya zamani ichezwe karibu kama ilivyokuwa, ikiwa imefufuliwa na watafiti, ila akaizungushia ngoma yake mwenyewe na kuleta mchezaji mweusi. Ni kama wakili anayekataa kumtukana mshtakiwa. Anaweka kidhibiti mezani, anarudi nyuma, anaiachia mahakama itazame.

Nakiri uzuri wa hatua hiyo, lakini nina ubishi. Baada ya bale ya 1923 kuchezwa, tayari tumeona kilichokosekana. Mwili mmoja mweusi kati ya miili ya kundi hilo umekwisha kusema. Maneno yanayoongezwa kutufafanulia kosa hilo yanapunguza nguvu yake. Huu ndio udhaifu unaojirudia katika kazi za Linyekula: msimulizi ndani yake haamini kila mara kwamba mcheza ngoma ametosha. Mwenyewe anaujua. Katika *Le Cargo*, ngoma ya mtu mmoja aliyoitoa 2011, anajiuliza mbele ya hadhira kama anaweza, angalau mara hii, kucheza tu bila kusimulia. Kisha anasimulia: safari ya kurudi Obilo, kijiji cha utoto wake, kutafuta ngoma alizozisikia usiku akiwa mtoto. Hapo sina ugomvi naye, kwa sababu kisa na mwili vinatafuta kitu kimoja na vyote viwili vinashindwa kukipata. Maneno yanapotafuta pamoja na ngoma, yanafaa. Yanapoieleza ngoma, yanaichosha.

Kazi ya pili ya kuihoji bale ni *Histoire(s) du théâtre II* ya 2019, iliyotengenezwa na jumba la NTGent la Ubelgiji. Hapa hahojiani na Paris tena. Anahojiana na Mobutu. Bale ya Taifa ya Zaire ilikuwa chombo cha mradi mkubwa: Kongo iligeuzwa jina kuwa Zaire 1971, watu wakaamriwa kuacha majina ya Kikristo, na makabila mengi yakatakiwa kuwa mwili mmoja unaocheza. Mwaka wa 1974 kundi hilo lilionyesha utendi wa Lianja, shujaa wa Wamongo, kama hadithi ya taifa zima. Linyekula aliwatafuta wachezaji wa zama hizo, Wawina Lifeteke, Marie-Jeanne Ndjoku Masula na Ikondongo Mukoko, akawapandisha jukwaani wakiwa wazee. Wanazungumza, wanaimba, wanaonyesha hatua ambazo miili yao bado inazikumbuka.

Kwangu hii ndiyo kazi yake bora, na sababu ni ya kisiasa na ya kisanaa kwa wakati mmoja. Ingekuwa rahisi kusema kwamba bale ya Mobutu ilikuwa propaganda, kwisha maneno. Ndiyo, ilikuwa propaganda. Lakini wazee hawa wanaonyesha pia fahari. Waliipenda kazi yao, walisafiri, walikuwa mabingwa. Dikteta aliazima miili yao, ila ustadi haukuwa wa dikteta. Sisi tuliosoma na kufundisha katika enzi za Nyayo tunakijua kitendawili hiki. Tulifunzwa nyimbo za kumsifu rais, tukasimama juani tangu alfajiri tukisubiri msafara, tukacheza kwa amri. Na bado wapo watu wazima leo ambao wimbo ule ukipigwa miguu hutangulia kabla ya akili kukataa. Fasihi yetu imeandika sana juu ya waliofungwa enzi hizo, na ni haki. Juu ya waliochezeshwa haijaandika karibu lolote. Linyekula ametuonyesha jinsi ya kuanza: waulize wenyewe, kwa majina yao, wakiwa bado hai.

Turudi sasa kwenye methali. Huyu alirudi kucheza kwao. Alituzwa na nani? Mwaka wa 2007 alipewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka wa 2016 Lisbon ilimfanya msanii wa jiji kwa mwaka mzima. Mwaka wa 2019 alikuwa msanii mshiriki wa Holland Festival pamoja na William Kentridge wa Afrika Kusini. Kazi zake nyingi hugharimiwa Ulaya, huonyeshwa kwanza Ulaya na huhakikiwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Wapo wanaosema kwamba basi ni msanii wa Wazungu. Mimi siafiki. Kisangani ana studio, vijana wanafunzwa humo, na katika mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya mto, kundi lake limejihusisha na suala la maji safi, jambo ambalo si la kawaida kwa kundi la ngoma. Vijana aliowakuza, kama Jeannot Kumbonyeki aliyeipa *Dinozord* jina lake la kisanii, wamekuwa wasanii wa kujitegemea. Lawama yangu inaelekea upande mwingine: kwetu sisi wahakiki wa Kiswahili. Pesa za Ulaya hatukuwa nazo. Maneno tulikuwa nayo, na hatukuyatoa.

Msomaji atauliza haya yote yanaihusu vipi Nyansiongo. Yanaihusu sana. Huku ni eneo la mashamba yaliyokuwa ya walowezi, yakagawiwa wenyeji karibu na wakati wa uhuru, na familia zikaja kutoka pembe mbalimbali za Ugusii. Kila familia ilibeba ngoma zake, na makanisa, hasa yaliyokuwa makali, yakaziona nyingi kuwa za kishenzi. *Ribina*, iliyohusishwa na mvua na msimu wa kilimo, ikabaki kwa akina mama wachache. Mmoja wao, ambaye namwita Baba kama tunavyowaita mama zetu kwa Ekegusii, nilimuuliza *ribina* ilitungwa na nani. "Mwanangu," alinijibu, "haikuwa ya mtu. Lakini kila mtu alijua ni nani aliyeongeza hatua ipi."

Jibu hilo linawasahihisha wasomi wengi. Tumezoea kuandika kwamba sanaa ya jadi haina mtunzi, ni ya jamii nzima. Kumbe jamii yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya watunzi wake, hata kama haikuwaandika.

Leo *ribina* inaishi zaidi katika tamasha za shule. Nendeni mkatazame mashindano ya densi bunifu ya kitamaduni: kuna kisa, kuna mgogoro, kuna mpangilio wa jukwaa, na mara nyingi kuna siasa iliyofichwa ndani ya wimbo wa kuvuna wimbi. Kwa maana ile ya Guinea na Zaire, hiyo ni bale, tena nyingine ni nzuri sana. Shule ikishinda, jina la shule linasomwa, mwalimu mkuu anapigwa picha na kombe. Aliyeitunga ngoma mara nyingi ni kijana wa kukodishwa kwa msimu, asiye na mkataba, anayelipwa kwa maelewano ya mdomo. Mwaka unaofuata hatua zilezile zinaonekana katika shule nyingine na hana pa kulalamika, kwa kuwa hakuna karatasi inayomtaja. Tamthilia ya shule ina mwandishi. Shairi la shule lina mtunzi. Ngoma ina "mkufunzi".

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yasiyohitaji wafadhili. Kwanza, tuliandike neno *mtunzi wa ngoma* katika ratiba za tamasha, jina la mtu likifuata. Pili, idara zetu za Kiswahili ziruhusu tasnifu zinazohakiki ngoma moja iliyotungwa na mtu mmoja, kama tunavyohakiki diwani moja, badala ya kuandika kila mwaka juu ya "dhima ya ngoma katika jamii". Tatu, wahakiki tuanze kuelezea kinachotendeka: nani aliingia kutoka wapi, kundi lilivunjika lini, pumzi ilisikika wapi, kipi kilizidi. Msamiati utakuja ukitumiwa. Wanangu wa vyuoni, msisubiri kamusi iwatangulie.

Linyekula ataendelea kucheza tukimwandika au tusipomwandika. Amekwisha kupata wa kumwandika. Kijana anayefunza ngoma chini ya mwembe katika shule moja ya Borabu hana mwingine ila sisi.